Watoto wakifungwa, watu wazima tunyamaze kwanza

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua ni ndefu ila jambo lenyewe limenikaa kooni muda sasa na sioni likiongelewa popote. Kurasa za michezo kila siku ni Simba na Yanga na usajili, sio vibaya, hata mimi nasoma, ila kuna watoto kibao wanacheza kila wikendi na nusu yao wanarudi nyumbani wamefungwa, na hakuna anayeuliza mtoto akishafungwa anaambiwa nini, na nani anamwambia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar na jioni nafundisha watoto besiboli. Najua wengi hapa kwetu bado wanauona mchezo wa kigeni, lakini upo, Wajapani wametusaidia sana kuukuza na tangu mwisho wa 2018 tuna uwanja wake kabisa pale Azania Sekondari. Kwa ambaye hajawahi kuangalia, mmoja anarusha mpira, wa upande wa pili anaupiga kwa gongo halafu anakimbia kuzunguka besi, akifanikiwa kurudi alipoanzia timu yake inapata pointi. Wanaolinda wakitoa watu watatu, yaani auti tatu, zamu inageuka.

Sasa kuna kitu kwenye huu mchezo ambacho kinaufanya uwe mgumu sana kwa mtoto siku ya kufungwa. Kwenye mpira wa miguu beki akikosea kuna msongamano, kuna kipa, kuna refa wa kulaumiwa, na ukiwa unaongoza unaweza kuupoteza muda, unajiangusha chini, unapeleka mpira kwenye kibendera. Besiboli haina saa. Unaongoza, sawa, lakini lazima uende ukaipate hiyo auti ya mwisho, hakuna namna ya kuikwepa, na mpira ukipigwa juu unakaa angani sekunde kadhaa na uwanja mzima unamwangalia mtoto mmoja tu aliye chini yake.

Hicho ndicho kilichotupata kwenye mechi moja ya mwisho ya mashindano ya shule. Tunaongoza 5-4, wenzetu wanapiga zamu ya mwisho, wana watu besi ya pili na ya tatu, tumeshapata auti mbili, imebaki moja. Mpira ukapigwa juu kuelekea upande wa kushoto. Dogo wetu wa kule ni wa kidato cha kwanza, mwembamba, glavu aliyovaa ni ya msaada na ni kubwa kuliko mkono wake. Alikimbia vizuri, akasimama mahali panapotakiwa kabisa, akanyanyua glavu, na jua la saa kumi likawa limekaa pale pale ulipo mpira. Ukagonga ukingo wa glavu ukaanguka kwenye majani. Alipouokota na kuurusha wale wawili walishaingia. 6-5, mechi imeisha.

Wenzetu wakakimbia kati kushangilia, haki yao. Watoto wangu wengine walikaa chini pale pale walipokuwa. Yule dogo alichuchumaa kule mbali, akavuta kofia ikafunika uso wote mpaka kidevu, hakusogea. Nilimfuata mwenyewe, sikutuma mtu, nikachuchumaa pembeni yake. Sikumwambia usilie maana angelia tu na ana haki. Nilimwambia ulisimama mahali sahihi, nimekuona, jua lilikuingia machoni, na Jumanne tutaanza na mipira ya juani, nitawapigia wote mpaka muizoee. Halafu nikamwambia wenzako wanakusubiri kwenye mstari, hawawezi kusalimia bila wewe. Sisi kwenye besiboli mechi ikiisha timu zote mbili zinapanga mstari zinatazamana, zinainama, zinapeana mikono, hata kama umefungwa vipi. Akasimama akaja, bado anapiga kwikwi, akawapa mikono wote.

Tumetoka tu kwenye mstari, mwalimu mmoja aliyekuja kuangalia, wa shule ambayo sitaitaja, akamwita yule dogo mbele ya wenzake akamwambia wewe ndiye umetuuza, kombe lilikuwa letu. Jamani. Mtoto wa miaka 13. Na wakati huohuo mzazi mwingine ananishika bega mimi, ananiuliza kwa nini nilimtoa mrushaji wetu mzuri wakati tunaongoza, ningemwacha tungeshinda.

Hayo mawili ndiyo yamenifanya niandike, na kwangu ni jambo moja. Mtu mzima asiyeweza kuvumilia watoto wafungwe, iwe kocha, mwalimu au mzazi, ndiye anayewaumiza, anawaumiza moyo na anawaumiza mwili.

Nianze na mwili kwa sababu huo watu hawaujui kabisa. Mkono wa mtoto anayerusha mpira kwa nguvu unachoka ndani kwa ndani, kwenye kiwiko na bega, pale mifupa inapokua bado pako laini. Wamarekani wenye Little League, ligi ya watoto iliyoanzishwa 1939 huko Williamsport, Pennsylvania, tangu 2007 wanahesabu kila mpira mtoto anaorusha. Wa miaka 9 na 10 mwisho 75 kwa siku, wa 11 na 12 mwisho 85, wa 13 mpaka 16 mwisho 95, na mtoto wa miaka 14 kushuka chini akifikisha 66 anapumzika siku 4 kabla ya kurusha tena. Mrushaji wangu siku hiyo alikuwa anaikaribia 95 na alishaanza kuushusha mkono, mpira unakuja chini chini, kila kocha anaijua hiyo dalili. Nikamtoa. Ningemtoa hata ingekuwa fainali ya dunia, na mzazi yule nilimjibu hivyo hivyo, kwa heshima, nikamwambia mzee, kombe ni la leo, mkono ni wake mpaka uzee.

Japani kwenyewe, tulikojifunzia, walichelewa kulikubali hili. Mashindano yao ya shule za sekondari, Koshien, yapo tangu 1915 na nchi nzima inasimama kuangalia. Mwaka 2018 kulikuwa na kijana mmoja, Yoshida Kosei, wa shule ya kilimo ya mkoa wa Akita, shule isiyo na jina kubwa, akaibeba timu mpaka fainali karibu peke yake, alirusha mipira 881 kwenye mashindano yale, na fainali wakafungwa 13-2 na shule ya Osaka Toin. Watu walilia kwa mapenzi na mimi namheshimu sana yule kijana, ila 881! Baadaye ndio ikaja kanuni ya mipira isiyozidi 500 kwa wiki. Kwa mtazamo wangu hata 500 ni mingi.

Lakini kuna jambo la Koshien ambalo ningependa kila mwalimu wa michezo hapa kwetu alijue. Yale mashindano ni ya mtoano, ukifungwa mara moja unaondoka. Ina maana timu zote zinazofika, isipokuwa moja, zinamaliza zimefungwa. Na waliofungwa, kabla hawajatoka, wanapiga magoti pembeni ya uwanja wanachota udongo kwa mikono wanautia kwenye vifuko wanarudi nao nyumbani. Wanalia wazi mbele ya kamera, nchi nzima inawaona, na siyo aibu. Watu wazima wanasimama pembeni wanawaacha wamalize. Hilo la kuwaacha wamalize ndilo sisi hatuna. Sisi mtoto akianza kulia tu tunamwambia nyamaza, au tunamwambia si ungedaka.

Mwaka 2014 huko huko Williamsport kwenye fainali za dunia za watoto, timu ya Rhode Island ilitolewa na timu ya Chicago 8-7, watoto wa miaka 11 mpaka 13, wamepambana mpaka auti ya mwisho. Kocha wao David Belisle alikuwa amevalishwa maikrofoni ya televisheni kwa hiyo kila alichosema kilisikika. Aliwakusanya uwanjani, wakapiga magoti kumzunguka, akawaambia wainue vichwa, anataka kuyaona macho yao. Akawaambia wamepigana mpaka mwisho na watu wa kwao wanajivunia. Akasema kitu pekee kitakachomtoa machozi ni kwamba hii ndiyo mara yake ya mwisho kuwafundisha, akasema anawapenda, akataka kila mmoja amkumbatie.

Mimi ile hotuba nimeisikiliza mara nyingi na kila mara nasikiliza zaidi yale ambayo hayamo. Hakuna jina la mtoto aliyekosea. Hakuna mwamuzi. Hakuna tungefanya hivi, tungefanya vile. Na wala hakuwadanganya kwamba kufungwa hakuumi, aliwaacha wahuzunike ila akawaelekeza huzuni waiweke wapi, waiweke kwenye kuachana, sio kwenye pointi moja. Hapo ndipo makocha wengi tunapopotea, tunadhani kazi ni kumfanya mtoto asihuzunike, wakati mtoto asiyehuzunika kufungwa huenda hata hakuwa anacheza kwa moyo.

Na angalieni yaliyofuata. Wale wa Chicago wakaendelea, wakawa mabingwa wa Marekani, wakaenda mpaka Ikulu ya Marekani kupongezwa. Februari 2015 wakavuliwa ubingwa kwa sababu iligundulika kwamba watu wazima, sio watoto, walichezea mipaka ya eneo ili waingize wachezaji ambao hawakustahili. Wale watoto walicheza kihalali kabisa kwa jinsi walivyojua wao, wakanyang'anywa kwa sababu wazee wao waliogopa kufungwa. Na kabla yake, 2001, kwenye mashindano hayo hayo kulikuwa na Danny Almonte wa Bronx, New York, aliyerusha mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kufika besi, dunia ikamshangilia ana miaka 12, kumbe ana 14 na makaratasi yalirekebishwa na watu wazima. Mtoto ndiye aliyebaki na jina baya.

Tusijifanye hayo ni ya Wamarekani. Sisi na majirani zetu kukata umri tunakujua vizuri tu. Tanzania tuliwahi kuondolewa mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 mwaka 2005 kwa sababu hiyo, halafu 2017 Congo Brazzaville wakaondolewa kwa sababu hiyo hiyo sisi tukapata nafasi. Na 2019 mashindano yakaja kwetu Dar, Serengeti Boys wakafungwa na Nigeria 5-4 mechi ya kwanza, mechi ambayo mtu yeyote anayependa mpira angeikumbuka kwa raha, mabao tisa, watoto wamepambana na Nigeria bila woga. Halafu Uganda 3-0, halafu Angola 4-2, nje. Kumbukeni maneno yaliyosemwa mitaani na vijiweni kuhusu watoto wale, wengine waliwataja kwa majina, huyu mzito, yule hajui kukaba. Watoto! Mimi nilikuwa najiuliza tu nani amekaa nao usiku ule.

Nikitaka mfano wa karibu wa namna ya kubeba kufungwa nakwenda Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda kanda yao kule Kutno, Poland, wakapata tiketi ya kwenda Williamsport, timu ya kwanza kutoka bara letu, halafu wakanyimwa viza kwa sababu ya karatasi za kuzaliwa kutolingana. Fikirieni kuwaambia watoto hilo. Hamjafungwa, mmeshinda, na bado hamuendi. Wale Wakanada wa Langley waliotakiwa kucheza nao mechi ya kwanza wakapanda ndege Januari 2012 wakaja Uganda kucheza nao mechi waliyonyimwa, na Waganda wakashinda 2-1. Mwaka ule ule ikaenda timu nyingine, ya Lugazi, safari hii viza zikatoka. Wakafika Williamsport, wakafungwa 9-3 na Panama, wakafungwa 12-0 na Mexico. Kumi na mbili bila! Mtoto aliyetoka Lugazi, kamera za dunia nzima, na ubao unasoma hivyo. Walikuwa wameshatolewa, imebaki mechi moja tu ya heshima dhidi ya Gresham ya Oregon, Marekani. Wakaingia wakashinda 3-2.

Huo ushindi wa 3-2 mimi nauweka juu ya vikombe vingi. Mtoto aliyetukanwa baada ya 12-0 hawezi kuingia uwanjani mechi inayofuata akacheza mechi ya pointi moja, mikono itatetemeka. Kuna mtu mzima pale katikati alifanya kazi yake vizuri, na kazi hiyo haionekani kwenye matokeo. Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisainiwa na Los Angeles Dodgers, timu kubwa ya besiboli ya Marekani, mwaka 2022. Sisemi ni kwa sababu ya mechi ile, ila nchi inayowatunza watoto wake wakiwa wamefungwa inabaki na watoto wa kuendelea kucheza. Kwangu mimi kila mwaka wanaoacha hawaachi kwa sababu hawawezi, nawaona, wanaacha wiki mbili baada ya siku waliyofokewa.

Sasa niombe ninayotaka kuomba.

Kwa makocha wenzangu wa mchezo wowote, netiboli, mpira wa miguu, wavu, mechi ikiisha mkifungwa ongea kidogo. Dakika tano zinatosha. Sema jambo moja waliloliweza ambalo umeliona kwa macho yako, la kweli, usitunge, watoto wanajua ukitunga. Mtaje mtoto kwa jina pale tu unapomsifia. Makosa yabaki kwako, yaandike kwenye daftari, yatoke siku ya mazoezi yakiwa zoezi la timu nzima, kama sisi tulivyofanya mipira ya juani, nimewapigia wote kumi na tano mmoja mmoja na kila mmoja ameangusha, hata kapteni, na yule dogo ameona kwa macho yake kwamba sio yeye peke yake. Siku hiyo alidaka mitatu mfululizo akiwa ameinua glavu kulikinga jua, halafu akaanza kuwaelekeza wenzake namna ya kusimama kiupande. Na msiwakimbize watoto mizunguko ya adhabu kwa sababu wamefungwa, sijui nani alituletea hiyo, mtoto anajifunza kuchukia kukimbia na hajifunzi kingine.

Kwa wakuu wa shule, mwalimu wa michezo apimwe kwa watoto wangapi wamebaki kwenye timu mwisho wa mwaka, sio makombe tu kwenye kabati la ofisi. Na kwa vyama vya michezo, hizi kozi za makocha tunafundishwa mbinu na sheria mpaka jioni, mimi nimezihudhuria na nashukuru, ila hakuna hata saa moja ya kutufundisha mtoto aliyefungwa anaongeleshwaje, na kuhesabu marusho bado kunaachwa kwa hiari ya kocha. Iwe kanuni ya mashindano, mtu akae na karatasi mezani ahesabu, akifika kikomo mrushaji atoke, tutaacha kugombana na wazazi.

Kwenu wahariri na waandishi, mechi za watoto mkiziandika, na nawaomba mziandike, msimtaje kwa jina aliyekosa penalti au aliyeangusha mpira. Mtoto akifanya vizuri mtajeni, mama yake atalikata gazeti alihifadhi. Akikosea andikeni timu imefungwa 6-5, inatosha, msomaji hapungukiwi kitu.

Na wazazi, njooni uwanjani, tunawahitaji, viti vyenyewe vingi vitupu. Mkija na timu ikafungwa, mleteeni mtoto maji, mbebeeni begi, mkifika nyumbani apewe chakula akalale. Kama kuna swali la mrushaji kwa nini alitoka, niulizeni mimi, nipo uwanjani kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi, nitawajibu mpaka mridhike.

Mwalimu na kocha wa besiboli ya watoto,
Dar es Salaam